Mume wangu anaiogopa Shanghai, mimi naitamani: tufanyeje?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka 54, na nimeishi Hamburg nchini Ujerumani kwa zaidi ya miaka 20 pamoja na mume wangu, ambaye ni Mjerumani. Mwaka jana alistaafu baada ya kufanya kazi bandarini karibu maisha yake yote, na tangu tuoane amekuwa akinisimulia meli zinazotoka Shanghai, mji ambao hajawahi kuutia machoni. Watoto wetu wametuchangia fedha za safari, nasi tumepanga kuwa huko kuanzia tarehe 28 Septemba hadi tarehe 8 Oktoba. Hoteli tumeishika, lakini bado tunaweza kuiachia bila kutozwa kitu.

Tatizo ni kwamba kadiri siku zinavyokaribia, mume wangu anazidi kurudi nyuma. Amesoma kwamba huko kila kitu hulipiwa kwa simu na noti hazitakiwi tena, naye ni mtu asiyekubali kuiweka kadi yake ya benki ndani ya simu yoyote. Sasa anataka tujiunge na kikundi cha wastaafu wa Kijerumani, wenye basi lao na mwongozaji wa kuwatangulia na kibendera tangu asubuhi hadi usiku. Mimi sikukusudia kusafiri mwendo wote huo ili niutazame mji kupitia kioo cha basi. Tumekwisha kulumbana juu ya jambo hili hadi watoto wamejua.

Hata mimi nina hofu zangu ambazo sijamweleza. Mdogo wangu wa kiume hufuata bidhaa Guangzhou, na ndiye aliyenisimulia jinsi Waafrika walivyotolewa majumbani mwaka 2020. Mimi ni mweusi, navaa mtandio, na nitakuwa nikitembea na mzee wa Kizungu, sijui nitatazamwaje. Isitoshe, mimi ni Mwislamu na nguruwe simli. Kuhusu pasipoti, bado natumia ya Tanzania kwa kuwa sikutaka kuupoteza uraia wangu. Mume wangu anasema Wajerumani hawahitaji tena viza ya China, na kwamba kwa kuwa mimi ni mkewe na nina kibali cha ukaazi wa kudumu, basi hakuna tatizo. Mwisho, nina mama mgonjwa Tanga ambaye huzungumza nami kila siku kwa WhatsApp, na nimeambiwa huko haifanyi kazi.

Naomba unishauri, Shangazi.

Mtanga wa Hamburg

* * *

Marahaba, mwanangu. Barua yako ina mambo mengi, lakini moja kati yake linaweza kuivunja safari yote mlangoni kabisa, nalo ndilo ulilolitaja kwa wepesi kuliko yote. Nitaanza na hilo.

Mumeo anasema kweli kuhusu Wajerumani: tangu Desemba 2023 China imewaruhusu kuingia bila viza, kwanza kwa siku 15 na baadaye kwa siku 30. Lakini ruhusa hiyo inafuata pasipoti, haifuati ndoa wala kibali cha ukaazi. Mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji viza ya utalii, ile ya kundi L, hata kama ameishi Ulaya nusu ya umri wake na mwenzake anapita bila kuulizwa. Mkifika uwanja wa ndege na pasipoti mbili na viza hakuna, shirika la ndege litamkubali yeye na kukuacha wewe. Kwa hiyo wiki hii hii ingia katika utaratibu wa maombi ya viza ya China nchini Ujerumani, ukiwa na pasipoti yenye muda wa kutosha, kibali chako cha ukaazi, tiketi ya kwenda na kurudi, pamoja na uthibitisho wa hoteli. Masharti hubadilika, kwa hiyo yasome kwenye tovuti rasmi ya ubalozi wa China badala ya kutegemea aliyesafiri mwaka juzi, na usilipie chochote kisichorudishwa kabla viza haijagongwa.

Kwa kuwa hoteli bado mnaweza kuiachia, badilisheni pia tarehe. Mmechagua wiki ambayo mtu anayewatakia mema angewakataza. Tarehe 1 Oktoba ni siku ya taifa la China, na mapumziko yake huendelea hadi tarehe 7. Katika siku hizo mamilioni ya Wachina husafiri ndani ya nchi yao, na Shanghai ni mojawapo ya miji wanayoikimbilia. Kando ya mto, pale panapoitwa Bund, askari hujipanga kuongoza mikondo ya watu ili pasitokee msongamano wa kuua, tiketi za treni huisha mara zinapofunguliwa, na bei za vyumba hupanda. Mzee aliyestaafu hatafurahia kusukumwa bega kwa bega kwa muda wa saa tatu ili aone taa. Sogezeni safari hadi baada ya katikati ya Oktoba, au hata Novemba mwanzoni, wakati joto limepungua, mvua si nyingi, na wenyeji wamerudi makazini.

Sasa tuje kwenye simu na fedha, kwa kuwa hapo ndipo mlipogombana. Mumeo hajakosea kuona kwamba mji ule unaendeshwa kwa simu. Muuza maandazi ya mvuke kichochoroni, dereva wa teksi, duka la dawa, hata baiskeli ya kukodi, wote wamebandika msimbo wa QR. Mnunuzi anauskani, anaandika kiasi, anathibitisha, na mashine ndogo ya muuzaji inatangaza kwa sauti kwamba fedha zimeingia. Wewe umetoka katika nchi ambayo mama ntilie hupokea kwa Lipa Namba, kwa hiyo jambo hili halitakushangaza hata kidogo, na nadhani wewe ndiye unayefaa kulibeba. Programu mbili zinazotumika ni Alipay na WeChat, na zote hukubali kadi za kigeni zenye alama ya Visa au Mastercard. Kwa mgeni naona Alipay ni nyepesi zaidi kuianza, na ndani yake kuna huduma ya kuita teksi, msimbo wa kupandia treni za chini ya ardhi, na tafsiri. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayakatwi ada ya kadi ya kigeni. Yanayozidi hapo hukatwa asilimia 3, kwa hiyo bili ya hoteli lipieni kwa kadi yenyewe mezani kama hoteli inaikubali.

Yote haya yafanyeni mkiwa Hamburg, mmekaa sebuleni, wala msisubiri mfike. Kuisajili programu kunahitaji picha ya pasipoti na muda wa kuhakikiwa, na benki yako itatuma namba ya siri kwa ujumbe mfupi kwenye laini yako ya Ujerumani. Watu wengi hukwama hapa: wamefika, wamechomoa laini ya nyumbani na kuweka ya huko, kisha benki inatuma namba ya siri mahali ambapo hakuna wa kuipokea. Laini yako ya Ujerumani ibaki hai ndani ya simu safari nzima. Jambo jingine, kadi za kawaida za benki za Kijerumani zisizo na alama ya Visa au Mastercard hazitaingia katika programu hizo, kwa hiyo itazameni kadi yenu vizuri kabla ya kuitegemea.

Hofu ya mumeo ina mahali pake, na nakuomba usiidharau mbele yake. Mtu aliyelinda akiba yake kwa miaka yote hiyo ana haki ya kutotaka kuifungulia mlango. Mpeni anachotaka kwa njia hii: chukueni kadi ya pembeni isiyogusa akaunti yake ya akiba, iwekeeni fedha za safari tu, na hiyo ndiyo iingie katika simu yako. Yeye abebe noti. Benki Kuu ya China imewakataza wafanyabiashara kukataa fedha taslimu, na kwa kweli noti bado zinapokelewa, ingawa muuzaji mdogo anaweza kuhangaika kutafuta chenji. Noti kubwa kuliko zote ni ya yuan 100, kwa hiyo zivunjeni mapema mpate za 10 na 20. Mashine za benki kubwa uwanjani hutoa yuan kwa kadi ya kigeni. Hivyo simu ikizimika, mzee ndiye atakayelipa, na heshima yake itabaki mahali pake. Kuhusu chaji, madukani na mikahawani kuna vibanda vya betri za kukodi ambazo huchukuliwa kwa kuskani, lakini ni lazima simu iwe na uhai kidogo ili uweze kuikodi, kwa hiyo usisubiri izime.

WhatsApp, Google, Facebook na YouTube zimefungwa katika intaneti ya China, na Wi-Fi ya hoteli haitazifungua. Hata hivyo, laini ya kigeni inayotumia mtandao wa huko kama mgeni hupitisha mawasiliano yake kwenye nchi ilikotoka, kwa hiyo WhatsApp hufunguka kama kawaida. Nunua kabla ya safari eSIM ya wasafiri, yaani laini isiyo na kadi ya kuchomeka, iliyotolewa nje ya China bara, au ulizia bei ya laini yako ya Ujerumani ikiwa nje ya Ulaya, ambayo mara nyingi ni ghali mno. Shanghai iko mbele ya Tanga kwa saa 5. Ukimpigia mama baada ya swala ya isha yake, kwako ni usiku wa manane. Mzoeze mapema kupokea saa kumi jioni, ambapo kwako ni saa tatu usiku na umekwisha kupumzika. Ramani za Google, hata zikifunguka, huko hukosea kwa mamia ya mita, kwa hiyo weka programu ya Amap, na jina la hoteli na anwani yake viandikwe kwa herufi za Kichina kwenye karatasi ambayo kila mmoja wenu anayo mfukoni.

Je, mwende na kikundi? Mimi nasema hapana. Ziara nyingi za aina hiyo huwapeleka watu kwenye maduka ya hariri, chai na mawe ya thamani kwa muda mrefu kuliko unaotumika mahali penyewe, na mwendo wake ni wa haraka kuliko goti la mtu wa umri ule. Shanghai ni mji wa watu wapatao milioni 25, lakini kwa mgeni ni mwepesi kuliko ukubwa wake: vituo vya treni za chini ya ardhi vimeandikwa pia kwa herufi za Kilatini na kutangazwa kwa Kiingereza, nauli huanzia yuan 3, na mwanamke hutembea usiku bila kuangalia nyuma kila hatua. Kodini mwongozaji wa kwenu wawili kwa siku ya kwanza peke yake. Mwambieni awaonyeshe namna ya kupanda treni, kupitisha mkoba katika mashine ya ukaguzi inayowekwa kila kituo, kuita teksi na kuagiza chakula. Baada ya siku hiyo nadhani mumeo mwenyewe atakuwa wa kwanza kuuliza kesho mnaelekea wapi. Tembeeni barabara za ule uliokuwa mtaa wa Wafaransa tangu 1849, zenye miti mikubwa iliyofunika njia, ambako mtu anaweza kukaa kibarazani na kahawa bila kununua kitu kingine chochote.

Mwambie tu mapema asitarajie kuziona meli kubwa za makontena katikati ya mji. Shanghai imeongoza bandari zote duniani kwa makontena tangu 2010, ila meli zile kubwa hufunga gati Yangshan, visiwani, mbali baharini, ng'ambo ya daraja la Donghai lenye urefu wa zaidi ya kilomita 30. Atakachokiona mtoni Huangpu ni matishari yaliyosheheni mchanga na makaa, yakipita chini ya majengo marefu, na kwa yuan 2 tu mnaweza kuvuka mto huo kwa kivuko cha umma pamoja na wafanyakazi wanaorudi nyumbani. Mimi kivuko hicho nakipenda kuliko boti za watalii.

Nije kwenye hofu ambayo hukumwambia. Alichokusimulia mdogo wako ni kweli. Aprili 2020, wakati wa Korona, Waafrika wengi waliokuwa Guangzhou walitolewa katika nyumba na hoteli zao, wakawekwa karantini hata ambao hawakuwa wamesafiri, na mabalozi wa Afrika mjini Beijing waliandika barua ya pamoja kulalamika. Yaliwaumiza watu wetu, na sitakuambia uyasahau. Lakini unakwenda katika mji mwingine, ulio zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo, katika wakati mwingine, ukiwa mtalii mwenye hoteli. Hoteli yenyewe ina wajibu wa kuwaandikisha wageni polisi, na tangu 2024 serikali imezitaka hoteli zisiwakatae wageni kwa kisingizio cha kutoruhusiwa kuwapokea. Hata hivyo vihoteli vidogo vingine havijui kuandikisha pasipoti ya kigeni, kwa hiyo waandikieni mapema waulizeni, na mtaje wazi kwamba pasipoti moja ni ya Tanzania.

Kutazamwa utatazamwa. Wanaotazama zaidi huwa si wenyeji wa Shanghai, bali watalii wa Kichina waliotoka mikoani, hasa pale Bund na katika bustani ya Yuyuan. Wengine wataomba kupiga picha nawe, na wachache watakupiga bila kuomba. Mara nyingi ni udadisi, lakini udadisi nao huchosha. Huna deni la kutabasamu kwa kila simu inayoelekezwa kwako. Inua kiganja, tikisa kichwa, endelea na njia yako. Na mwambie mumeo hofu hii kabla hamjaondoka, kwa sababu asipojua atadhani wanaokuzunguka ni wakarimu tu, naye atakuacha peke yako katikati yao huku akitafuta pembe nzuri ya kupiga picha.

Wa kuogopwa ni mwingine kabisa. Ni kijana nadhifu, au wasichana wawili, watakaowasimamisha karibu na barabara ya Nanjing au uwanja wa People's Square, wawaombe muwapige picha, wasifu mtandio wako, waulize mmetoka wapi, kisha baada ya maongezi ya dakika kumi waseme wanakwenda kwenye sherehe ya kuonja chai, karibuni. Mnaingizwa katika chumba kidogo, vikombe vidogo vinapita kimoja baada ya kingine, halafu inaletwa bili ya kutisha, na wale rafiki zenu wanajifanya kulipa sehemu yao. Hivyo ndivyo wageni wengi walivyoingizwa mjini. Anayetaka picha kwa dhati hupiga, hushukuru, akaenda zake. Yule anayewaongoza kuelekea mlango wowote, uwe wa chai, wa sanaa au wa baa, mwageni papo hapo bila maelezo. Mkiwa mmekwisha kuingia na bili imeletwa, pigeni 110, ambayo ndiyo namba ya polisi. Ya gari la wagonjwa ni 120.

Chakula kisikunyime raha. Ni kweli kwamba nguruwe huingia hata katika sahani inayoonekana ya mboga au tofu, na vile vitumbua vya mvuke maarufu vya Shanghai, xiaolongbao, kwa kawaida ni vya nguruwe. Lakini Uchina ina Waislamu wake wa tangu karne nyingi, na karibu kila mtaa una kimgahawa chao cha tambi za Lanzhou. Utaona kibao, mara nyingi cha kijani, chenye herufi mbili za kuonyesha halali, ambazo uzihifadhi kama picha ndani ya simu. Mpishi huvuta donge la unga mikononi, analikunja na kulivuta tena mpaka linakuwa nyuzi, analitosa katika maji yanayochemka, kisha anakuletea bakuli la mchuzi wa ng'ombe lenye giligilani na pilipili. Katika mji wa kale, si mbali na Yuyuan, kuna msikiti wa Xiaotaoyuan, na ubavuni mwake kuna msikiti wa wanawake, utamaduni ambao Waislamu wa China wameuhifadhi kwa muda mrefu. Nenda ukaswali huko, mwanangu. Nina hakika utapokewa.

Mumeo naye ana cha kumngojea tangu dakika ya kwanza. Kutoka uwanja wa ndege wa Pudong kuna treni ya sumaku isiyogusa reli, inayokwenda kilomita 30 hadi kituo cha Longyang Road kwa takribani dakika 8. Teknolojia yake ni ya Kijerumani, ileile Transrapid iliyokusudiwa kuunganisha Hamburg na Berlin kabla mradi huo haujafutwa mwaka 2000. Ya Shanghai ilizinduliwa Desemba 2002, Kansela Gerhard Schröder akiwa ndani yake. Mzee wa Hamburg hawezi kuwa hakuisikia habari hiyo. Zamani ilifika kilomita 431 kwa saa, siku hizi haizidi 300, na haifanyi kazi usiku kucha, kwa hiyo angalieni saa ya kutua kabla ya kuchagua ndege. Tiketi ni yuan 50, na mkionyesha tiketi ya ndege ya siku hiyo hiyo mtalipa 40 kila mmoja. Mwache azilipe yeye, kwa noti zake.